Wafu wa Dalgabin

Mzee Himid alifika Wembley mwezi wa Novemba mwaka 1971, ana sanduku moja la bati na jina ambalo Bi Mardhiya alikwisha kulisomea hitima.

Haikuwa hitima moja. Marehemu Talib, mumewe, kila mwaka alipokuwa hai Unguja alikusanya watu nyumbani kwao Kokoni, wakasoma Qur'ani, wakarehemu wafu wa ukoo wa Mukadam. Na miongoni mwa wafu hao alikuwamo Himid, ami yake Talib, baharia aliyeanguka melini akamezwa na bahari kabla Talib hajazaliwa. Pilau ya hitima hiyo Bi Mardhiya aliipika kwa mikono yake. Sasa mtu aliyekwisha kuliwa pilau yake amesimama mlangoni, mvua inamchuruzika kwenye koti la mtumba, anasema, "Assalaamu alaykum, mwanangu. Mimi ni ami yake mumeo."

"Ami yake mume wangu alikufa," alisema Bi Mardhiya, na mlango hakuuongeza hata upana wa kidole.

"Najua. Niliambiwa."

Hakumkaribisha kwa kumwamini. Alimkaribisha kwa sababu pazia la nyumba ya mbele lilikwisha kutikisika, na mwanamke wa heshima hamwachi mzee wa Kiislamu kwenye mvua huku majirani wanatazama. Akampa chumba cha nyuma, kile chenye ukuta mwembamba uliopakana na chake. Hilo nalo halikuwa bahati mbaya. Alitaka kusikia.

Ilikuwa miaka ya kushuku. Wahindi wa Kenya na Uganda, Wagoa, Waismailia, Wakokni kama akina Mukadam, wote walikuwa wanashuka Heathrow na pasi zao za Kiingereza, na kila aliyeshuka alikuwa mkubwa kuliko alivyopanda. Aliyekuwa karani Mombasa, huku alikuwa meneja. Aliyepanga chumba Ngara, huku aliacha jumba. Nani angekwenda kuhakikisha? Bi Mardhiya, aliyesomesha skuli ya wasichana Unguja hadi mapinduzi, aliyemzika mume Mombasa akaingia London na bintiye Zainab mwaka 1968, aliyekuwa sasa anapiga chapa katika ofisi moja ya kiwanda, alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikuongezwa chumvi njiani: jina la Mukadam. Watu wa Ratnagiri, pwani ya Uhindini, mabaharia na wasimamizi wa mabaharia, wenye nyumba ya mlango wa nakshi. Jina hilo alilichunga kama mtu anavyochunga kaa la moto wakati kibiriti kimekwisha.

Siku ya kwanza ya mapumziko alimweka mzee jikoni, akamtilia chai, akamtega.

"Ami, hebu nikumbushe. Mlango wa nyumba yenu Kokoni ulitazama wapi?"

Mzee Himid alikuwa mfupi, mweusi wa kungʼaa, mikono mikubwa isiyolingana na kimo chake. Alifikiri. "Nyumba ipi, mwanangu? Sisi tulipanga. Chumba na ukumbi, nyuma ya muuza kahawa. Mvua ikinyesha tulikuwa tunahama na jamvi letu."

Bi Mardhiya alitabasamu kama anavyotabasamu mwalimu aliyemkamata mtoto ananakili. Mukadam kupanga! Nyuma ya muuza kahawa! Huyu hakujifunza hata uwongo wake vizuri. Usiku ule alimwambia Zainab asimwite babu bali mzee, na funguo za kabati zikahamia kwenye mkoba.

Lakini Zainab, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na anasomea uuguzi, alikwisha kumpenda. Mzee alikuwa anaamka kabla ya Alfajiri, anakanda unga, na wao wakishuka wanakuta mikate mirefu ya kizungu iliyovimba juu kama vilemba. Nyumba ikanukia. Zainab akakaa naye jikoni, akamchokoa.

"Umejifunza wapi, babu?"

"Dalgabin."

"Wapi huko?"

"Australia. Magharibi, bara ndani, kwenye ngano. Hukuwahi kupasikia, na hutapasikia. Hapapo tena."

Bi Mardhiya alikuwa ngazini na kapu la nguo. Akakaa juu ya kidato.

"Palikuwa hapana kitu," mzee alisema. "Reli ilipita, wakajenga tangi la kulinywesha maji garimoshi, wakatia kibao: Dalgabin. Basi. Watu wakaja na mahema yao kwa ajili ya kibao. Wakakata miti, kila mti, wakapanda ngano. Wakajenga ukumbi wa mabati. Asubuhi ya Jumapili ni kanisa, Jumamosi ni ngoma. Duka moja la bwana James. Tanuri moja la mikate. Mimi nilitoroka melini bandarini, mwaka wa vita vile vya mwanzo, nikajificha kwenye behewa la magunia. Bibi Serah, mkewe James, akanikuta ghalani. Akaniuliza, wajua kufanya nini? Mwokaji wao alikuwa amekwenda vitani. Nikamwambia, melini nilikuwa naoka mikate."

"Ulikuwa unaoka?"

"Nilikuwa nachochea makaa. Lakini moto ni moto."

Zainab alicheka hadi akashika meza. Ngazini Bi Mardhiya hakucheka. Mtoro, na mwongo, na anasema kwa mdomo wake.

"Mkate wa kwanza ulikuwa jiwe," mzee aliendelea. "Waliula. Hapakuwa na mwengine wa kuwapikia. Wa pili ukawa nusu jiwe. Wanawake wakawa wanakuja dirishani kunichungulia, kwa nini huyu mtu mweusi anaunongʼoneza unga? Wakasema ni mchawi. Mimi nasema bismillahi tu. Baadaye mkate ulipoanza kuumuka sawasawa, wakawa wao ndio wanaokuja kuniambia, Tom, leo hujaunongʼoneza."

"Tom?"

"Himid hawakuliweza. Na serikali yao ilikuwa haitaki rangi yangu. Polisi wa mjini akija, watoto walikuwa wanamtangulia mbio kuniambia nijifiche; siku moja hawakumuwahi. Akauliza, huyu nani? Wakamwambia, Tom. Tom nani? Tom mwokaji, yupo siku zote. Akanunua mkate akaondoka."

"Ukakaa muda gani?"

"Mpaka chumvi ilipokuja. Tuliamka tukaona kondeni kweupe, watoto wakadhani ni barafu. Ile miti waliyoikata, kumbe ndiyo iliyokuwa inayanywa maji ya chini. Haipo, maji yakapanda, na chumvi yake. Ngano ikafa kwa viraka. Kisima kikawa chumvi hata nikaacha kuitia kwenye unga. Bei nayo ikaanguka. Wakaondoka nyumba moja moja, usiku wengine, kwa aibu. Ikawa naoka mikate mingi kuliko watu. Bibi Serah aliponiaga na yeye, nikafunga tanuri, nikaenda bandarini, nikamwambia afisa, mimi nilitoroka melini wakati wa vita. Akaniuliza, vita vipi?"

Alirudishwa Mombasa, akaoka mikate kwenye tanuri la mtu huko Majengo, na Unguja hakuvuka hata siku moja. Zainab alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba aliambiwa bandarini amekwisha kusomewa hitima, na maiti habishi hodi kwa mamaye.

Ngazini, Bi Mardhiya alijiambia: hadithi nzuri. Nzuri mno.

Tena palikuwa na zile Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya Alfajiri, upande wa pili wa ukuta, mzee alikuwa anataja majina. Mwanzo aliyasema chini kwa chini, kama mtu anayetafuta kitu gizani, Bi Mardhiya akatega sikio asiambulie kitu. Kisha sauti ikapanda, na majina yakatoka wazi, na majina hayo yalikuwa ya Kikristo. James. Serah. Jotham. Mwingine na mwingine, safu nzima, wanaume kwa wanawake. Na karibu na mwisho, kila Ijumaa mahali palepale, alinyamaza. Si kunyamaza kwa kuvuta pumzi. Ni kunyamaza kwa mtu aliyefika mbele ya mlango. Halafu akaendelea na jina lililofuata, akamaliza, na Yasin ikaanza.

Mwanamke, aliwaza Bi Mardhiya. Pale pana mwanamke.

Na Rasik naye akaongeza kuni. Rasik alikuwa na duka la viungo Ealing Road, Mgujarati wa Nakuru, mdomo wake haukujua kufunga duka.

"Mama Zainab, nikuulize. Mzee wako ni mtu wa swala, sio?"

"Anaswali. Kwa nini?"

"Hapana, mimi nauliza tu. Kwa sababu mwezi wa kumi na mbili alinunua kwangu kadi ya Krismasi. Moja tu. Yenye kondoo." Akapanga bizari zake kama mtu asiyesema neno. "Nikamwambia, mzee, wewe na kondoo hawa mnajuana wapi? Akacheka."

"Labda ni ya jirani."

"Labda. Jirani wa Australia. Stempu nimemuuzia mimi."

Yote haya Bi Mardhiya angeyaweka kifuani kama si posa.

Kijana alikuwa Soud, fundi wa mitambo ya simu, mtoto wa watu wa Unguja waliokimbia na vilemba vyao vichwani. Mamaye, Bi Zuwena, alikuwa anaweza kukutajia babu zake hadi Omani bila kumeza mate, na aliyeshindwa kumtajia wa kwake alimhurumia kwa sauti. Zainab na Soud walipendana, wazee wakakubaliana, mahari yakasemwa. Likabaki jambo la walii, mwanamume wa upande wa baba wa kumwozesha binti.

Sheikh Msabaha ndiye aliyekuwa anafungisha ndoa za watu wa pwani London. Siku za kazi aliuza tiketi stesheni, Jumapili alivaa joho. Alimwita Bi Mardhiya pembeni.

"Binti baba yake kafa, babu kafa, kaka hana. Ndugu yako wewe hawezi, huyo ni mjomba. Kama hakuna mtu upande wa baba, nitasimama mimi. Lakini nasikia kwako yupo mzee."

"Anasema ni ami yake Talib."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sijui, Sheikh."

"Basi ujue. Kama siye na tukampa mkono wa binti, ndoa haina mguu. Kama ndiye na tukamruka, vile vile haina mguu. Jumapili wanakuja akina Bi Zuwena kutaja siku. Niambie neno moja hapo: ndiye au siye. Mzigo wa neno hilo si wangu."

Bi Mardhiya alirudi nyumbani kwa miguu, akapita mabasi mawili bila kuyaona. Akipima huku, mzee ni mwongo wa kutoka Mombasa anayetafuta dari na sahani. Akipima huku, ni Himid kweli, na hapo ndipo pabaya zaidi: mtoro wa melini, aliyeishi kwa jina la Kikristo, mwenye kadi za kondoo na mwanamke wa Ijumaa, na wazee wa Mukadam, watu wa dhamana, waliwasomesha waja wa Mungu hitima ya mtu aliye hai. Bi Zuwena angeifumua hadithi hiyo uzi mmoja mmoja. Hadi anafika mlangoni alikuwa ameamua. Atasema siye. Ndilo alilokuwa akiliamini. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Nani asiyejua mlango wa nyumba yao?

Jumapili sebule ilinukia udi. Hita ya mafuta ya taa ilisukumwa nyuma ya kochi isionekane. Bi Zuwena alikaa na koti lake la kizungu juu ya buibui, Sheikh Msabaha kando, Zainab akipitisha kahawa macho chini. Mzee Himid alipewa kiti karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye bado hajasemwa ni nani.

"Sisi hatuulizi mengi, Bi Mardhiya," Bi Zuwena alisema. "Twataka tu kujua tunaoa kwa nani. Dunia imevurugika. Jana nimemkuta mtu Southall anajiita Sharifu. Babake alikuwa akitushonea viatu."

"Kweli kabisa, bibie," alisema Bi Mardhiya.

Kengele ikalia. Zainab akafungua. Akarudi na mwanamke wa kizungu, mrefu, wa miaka hamsini hivi, nywele nyekundu zilizoanza kufifia, uso umepigwa na jua ambalo si la Uingereza. Nyuma yake, barabarani, Rasik alikuwa anapunga mkono kwa furaha ya mtu aliyefikisha mzigo.

"Samahani," mgeni alisema kwa Kiingereza. "Nilikuwa na anwani ya kwenye kadi yake, na bwana wa duka ameniambia ni hapa. Kesho naondoka London, nisingeweza kungoja. Namtafuta Tom." Kisha akamwona. "Oh, Tom."

Mzee Himid alisimama. Mikono ile mikubwa haikujua pa kwenda. "Margaret," alisema. "Margaret wa James."

Bi Mardhiya alimtazama mwanamke yule pua, akamtazama midomo, masikio, vidole. Akatafuta Mukadam katika uso wote ule usiuone. Alikuwa mweupe kama unga. Hata hivyo hakutulia.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Zuwena, ambaye Kiingereza kilikuwa kinampita kando.

"Anasema anamjua mzee. Kwa safari za zamani."

Margaret alikaa ukingoni mwa kiti. Alieleza kwamba Tom aliishi kwao miaka thelathini na zaidi, kwamba mikono yake ndiyo iliyowalea wote kwa mkate, kwamba mamaye hadi siku ya kufa alikuwa anaitundika ukutani kadi aliyoletewa kila mwaka.

"Na sasa kasemaje?" aliuliza Bi Zuwena.

"Anasema walikuwa majirani," alitafsiri Bi Mardhiya. Zainab alimtupia mamaye jicho. Sheikh Msabaha, ambaye wiki nzima alikuwa anauza tiketi kwa Kiingereza, alitazama ndani ya kikombe chake.

Kumbe haja ya Margaret ilikuwa ndogo. Waliozaliwa Dalgabin wametawanyika, lakini mwaka ujao wanataka kukutana pale, paliposalia msingi wa ukumbi na tangi lenye kutu, na wayasimamishe upya makaburi. Misalaba ilikuwa ya mbao; moto wa nyika ulipita ukaila yote. Hakuna anayejua nani amelala wapi. Mamaye aliacha neno moja tu: Jotham, mwanangu mdogo, mtieni jiwe. "Na mimi nilikuwa sijazaliwa alipokufa," Margaret alisema. "Ila mama alisema, Tom ndiye aliyewachimbia wote. Muulizeni Tom."

Mzee Himid aliitazama mikono yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, kama amesahau anazungumza na nani, "Siwezi kuanzia katikati. Mimi husema tangu mwanzo. Nikiruka, napotea." Akamgeukia Sheikh. "Siwaombei, Sheikh, usinielewe vibaya. Dini yao yao. Nawataja tu, wangu kwanza, kisha James na Serah, kisha wa makaburi yale, kama walivyolala. Ndiyo njia niliyofundishwa ya kukumbuka."

"Taja," alisema Sheikh Msabaha.

Mzee alifumba macho. Sauti iliyokuwa inapotea ukutani kila Ijumaa, leo ilikuwa chumbani.

"Bibi Mwatima, uliyetutangulia sote na sote tumo mwako. Mukadam Daud. Mukadam Ismail…"

Kahawa ya Bi Mardhiya ilimwagika juu ya kitambaa, asiifute.

Kwa sababu ndivyo alivyokuwa anaanza Talib. Neno kwa neno. Wageni wakisha kula pilau na kuondoka, milango ikifungwa, Talib alikaa na wa nyumbani akaanza upya rehema ya pili, na jina la kwanza lilikuwa Mwatima. Jina hilo halikutoka nje ya nyumba ile kamwe. Bi Mardhiya aliambiwa usiku wa saba wa harusi yake, kama mke anavyokabidhiwa ufunguo, na akaapa. Hata Zainab alikuwa hajaambiwa. Mtu anaweza kujua mlango wa nyumba kwa kupita njiani. Mwatima hawezi kumjua ila amezaliwa ndani.

Na hapo, akiwa bado na kikombe kitupu mkononi, akaelewa na ule mlango. Nyumba ya nakshi aliijenga baba yake Talib. Himid alikuwa amekwisha kwenda. Walipanga kweli; nyuma ya muuza kahawa.

"Mwatima ni nani?" aliuliza Bi Zuwena.

Mzee alifumbua macho. Akamtazama Bi Mardhiya, akaona kitambaa kilicholowa, akaona uso. Akafahamu alichokifanya, na mbele ya nani.

"Ni jina tu, mama," alisema taratibu. "Mtu wa kule kule Australia. Mimi mzee, nachanganya. Wala mimi si wa nyumba hii hasa. Bi Mardhiya amenistiri tu, Mungu amlipe."

Akainamisha kichwa. Alikuwa amempa njia, pana na safi, ya kupita na jina lake lote. Angesema siye, na mzee mwenyewe amekwisha kusema.

"Bi Mardhiya," Sheikh Msabaha alisema. "Neno lile."

Alimtazama binti yake. Zainab alikuwa amesimama na sinia, hajui kinachopimwa, anajua tu kwamba kinapimwa.

"Ndiye," alisema Bi Mardhiya.

"Una hakika?"

"Nina hakika kwa sababu ya Mwatima." Akajinyoosha kama alivyokuwa akijinyoosha mbele ya darasa. "Bi Zuwena, umeuliza nami nakujibu, usije ukaambiwa barabarani. Mwatima ni bibi mkuu wa ukoo huu. Nje tulisema bibi yetu alitoka Ratnagiri na mume wake. Hakutoka Ratnagiri. Alikuwa kijakazi, wa Unguja hapo hapo, Mukadam wa kwanza akamwacha huru akamuoa, na hakuna Mukadam asiyetoka tumboni mwake. Twamtaja wa kwanza, na twamtaja milango ikiwa imefungwa. Huyu asingemjua kama si damu yetu. Ni ami yake Talib. Tulimsomea hitima yu hai, kwa kuwa baba yake mzee huyu alikuwa mdhamini wa mabaharia, na mdhamini ambaye mwanawe ametoroka, nani atampa watu tena?"

Hita ilisikika ikipumua nyuma ya kochi.

"Nyumba yenu ina mambo," alisema Bi Zuwena hatimaye.

"Ina mambo."

"Mengine yapo?"

"Hayo niyajuayo ndiyo hayo."

Bi Zuwena alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Nitakwenda kwangu nikafikiri," akasema, na Sheikh akamsindikiza.

Margaret aliuliza kwa woga kama amekuja wakati mbaya. Zainab, machozi yanamtoka, akamwambia hapana. Mzee Himid naye akafumba macho tena, akaanza tena tangu mwanzo, tangu Mwatima, kwa kuwa alikatizwa. Akashuka hadi kwenye safu ya makaburi ya kando ya ua: mke wa mkuu wa posta, kisha Jotham wa James, kisha yule Mjerumani mfua chuma. Margaret akasema, "Kati yao?" Mzee akamwonyesha kwa viganja juu ya meza, urefu wa mtoto ulivyokuwa. Ulikuwa mfupi kuliko mkate.

Karibu na mwisho, mahali palepale, alinyamaza. Bi Mardhiya alimwona Margaret akiinua uso, akimtazama mzee, kisha akitazama kando.

Mwezi ulikatika pasi na neno kutoka kwa akina Soud. Zainab alikuwa anakwenda masomoni na kurudi, hali chakula. Bi Mardhiya hakujuta kwa sauti. Mzee aliomba ruhusa ahamie kwa mtu Ilford, asiwe mkosi. Akajibiwa kwamba Mukadam hafukuzwi nyumba ya Mukadam, na funguo za kabati zikarudi ukutani.

Kisha Jumapili moja Bi Zuwena akaja peke yake na sahani ya halua, kitambaa juu.

"Soud kanambia kama si huyu basi hana mwengine," alisema kabla hajakaa. "Silo lililonileta; vijana husema hivyo hivyo. Nataka nikwambie kitu. Mama yangu alipokuwa akirehemu wafu wetu, jina la mwanzo alilisema ndani ya shela. Nimekaa naye hadi kufa kwake, sikulisikia. Siku zote hizi najiuliza, alikuwa nani yule?" Akaisukuma sahani. "Mwambie ami yenu ajitayarishe."

Bi Mardhiya aliikata halua, akaionja kwa ncha ya ulimi. Hakujua kama hadithi ile ya shela ilikuwa kweli au ilikuwa huruma iliyovishwa nguo, na hadi leo hajajua. Lakini aliila.

Mzee Himid alimshika Soud mkono katika ukumbi wa kukodi Wembley, akamwozesha Zainab binti Talib kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema na unga. Bi Zuwena alilia kwa mpango mzuri. Rasik alileta sambusa na akawaambia wote waliotaka kusikia kwamba yeye ndiye aliyeleta mzungu.

Mzee Himid alikufa miaka mitatu baadaye, amekaa jikoni, tanuri likiwa moto. Bi Mardhiya aliuwahi mkate usiungue, na aibu ya kuuwahi mkate kwanza ilimfuata siku nyingi. Safari hii hitima yake ilisomwa kwa haki. Wageni walipoondoka hakufunga milango. Alikaa na Zainab na Soud, akaanza: Bibi Mwatima, uliyetutangulia sote. Daud. Ismail. Talib. Himid.

Hapo alidhani atakoma. Lakini sikio lake lilikuwa limekaa miaka kwenye ukuta ule, na ulimi haukukoma. James. Serah. Safu ya ua, Jotham kati ya mke wa posta na Mjerumani. Watu wa mji wa chumvi ambao hakuwahi kuuona, ambao wengine wao, kama wangemkuta kwenye basi, wasingekaa kando yake. Aliwataja wote, na Zainab akimsikiliza mdomo wazi.

Akafika mahali palepale. Angeweza kumuuliza Margaret. Anwani anayo, na kila Krismasi hufika kadi ya kondoo. Hakumuuliza, na hatamuuliza. Jina la mtu aliyelala bara la mbali, na la mzee aliyelala hapa, yote mawili sasa yako chini ya dhamana yake.

Alinyamaza kadiri alivyokuwa akinyamaza mzee. Kisha akaendelea na jina lililofuata.